Naogopa Shikamoo ya Mdogo Wangu

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje. Sema Newala tu, inatosha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkulima wa korosho, nina mume na watoto watatu. Siku ya tatu hii chakula hakipiti, usingizi hakuna, jana nimetia chumvi kwenye chai. Hata hapa naandika huku nasimama, nakaa, nasimama tena. Mnivumilie.

Nina mdogo wangu, nitamwita Saidi. Mama alifariki Saidi ana miaka minne, nikamlea mimi. Chakula chake, madaftari yake, adabu yake, yote yangu. Adabu hasa! Akimpita mtu mzima bila kumwamkia, kofi. Mpaka kawa dereva wa bodaboda na ndevu zake, hajawahi kuniona asinipe shikamoo.

Miaka mitatu iliyopita aligombana na mwenzake kijiweni kisa abiria. Abiria mmoja tu jamani! Akampiga spana ya kichwa. Huyo mwenzake, Hamisi, ni mtoto wa jirani yangu wa mlango kwa mlango.

Saidi alikuja kwangu mbio, shati lina damu. Na haraka yote ile, alisimama mlangoni kwanza. "Shikamoo dada." Nikaitikia marahaba. Nikamfungia mihogo ya kuchemsha, nikampa shati la mume wangu, nikamwelekeza ateremke bondeni avuke Ruvuma pale maji yanapofika magotini, aingie Msumbiji. Nilijua Hamisi kaumia tu. Kesho yake akafa hospitali, bila kuzinduka. Nilikwenda msibani, nikabeba maji ya msiba ndoo kwa ndoo, nikalia na mama yake. Haya sijamwambia mtu mpaka leo.

Sasa juzi kaja askari wa upelelezi. Wenzao wa ng'ambo wamemshika mtu mwenye jina jingine na karatasi za kule. Akanionyesha video kwenye simu. Ni yeye, kakonda, anasema kwa Chimakonde, "Mimi mtu wa huku huku. Sina ndugu Tanzania. Sina dada." Weee, mimi niliyemlea! Askari akasema, "Lugha haitusaidii, mama, Wamakonde wapo pande zote mbili. Wenzetu hawatukabidhi mtu mpaka ndugu yake amtambue." Nikajibu hiyo video haionekani vizuri. Akacheka kidogo. "Basi Alhamisi tunakwenda wote mpakani, ukamwone kwa macho yako."

Mume wangu anasema, "Kamkane. Yeye si kashakukana?" Rahisi kusema!

Maana Mama Hamisi naye kasikia. Nilimkuta kwenye foleni ya maji, nikamwamkia, akaitikia vizuri kama siku zote, na hicho ndicho kinachonimaliza. Akaniambia, "Mwanangu, sitaki wamnyonge. Nataka arudi aniambie Hamisi wangu alisema nini pale alipoanguka. Yeye ndiye aliyemsikia wa mwisho." Halafu akanitwisha ndoo yangu, maana zamu yake ilikuwa bado haijafika.

Watu husema damu nzito kuliko maji. Waje Newala wabebe ndoo kwanza, ndipo waniambie.

Askari simwogopi. Namwogopa Saidi. Anaweza kukana jina, akakana nchi, akanikana na mimi kwenye simu. Lakini nikitokea mlangoni, namjua, ulimi utamteleza tu: "Shikamoo dada." Makofi yangu yale ndiyo yatakayomsemesha. Nikiitikia, nimemrudisha kwa mdomo wangu mwenyewe, na sijui watamfanya nini. Nikinyamaza, Mama Hamisi ataniamsha kila asubuhi kwa kufagia uwanja wake, na mimi nitamwamkia kwa uso gani?

Tangu ajue kusema, sijawahi kuiacha shikamoo yake bila jibu. Dada zangu, wazazi wangu mliomo humu, Alhamisi ni keshokutwa. Akiniamkia, niitikie?