Dada Alipozitolea Hisa Ushuhuda

Nikisikia mtu akisema "faida imeingia" na bado hajauza, damu inanichemka hadi leo. Sijali ni nani.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashonea kwenye kibaraza cha nyumba hapa mtaani Jericho, na mvua ikija naburuta cherehani ndani huku mteja ananitazama. Mama mmoja pale sokoni alikuwa anahamia Njiru, akakubali kuniachia kibanda chake, kina mabati mazuri na mlango wa kufunga, mradi nimpe gudwili, ile pesa ya kuingilia, kabla hajaondoka. Akiba yangu ilikuwa imebakisha kidogo tu ifikie pesa hiyo. Dada yangu mkubwa akasema tununue hisa za benki fulani zilizokuwa zinapanda, tukae nazo wiki chache, tutoke. Akaunti ya hisa ilikuwa yake. Pesa zilikuwa zangu.

Nilikubali kwa sharti, na tulilisema nyumbani kwake mtaa wa Shauri Moyo, chai ikiwa mezani. Bei ikipanda hadi pale tulipotaja, tunauza. Ikishuka hadi bei ya chini tuliyoitaja, tunauza vilevile, bila mjadala.

"Sawa," akasema, "kwani mimi ni mtoto?"

Ikapanda, tena haikuchelewa. Nikampigia simu nikicheka. "Dada, imefika. Uza."

"Wee, tulia kwanza. Si unaona bado inaenda juu? Iache kidogo."

Jumapili hiyo akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Hakuwa ameniambia lolote. Nilikuwa nimekaa nyuma nikamsikia akisema Bwana asifiwe, Mungu amemfungulia mdogo wake mlango, hisa zimezaa na kibanda kimepatikana. Kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akaniita nisimame nionekane, nikasimama na tabasamu la kulazimisha. Kibanda kipi? Hatukuwa tumeuza hata hisa moja!

Baada ya hapo bei ikaanza kuteremka, polepole kwanza, kisha kwa kasi. Ikapita pale tuliponunulia, ikafika kwenye ile bei ya chini tuliyokubaliana. Nikafunga kazi mchana, nikaenda kwake kwa miguu.

"Uza leo, dada. Tulikubaliana."

"Nitauzaje na hasara na nishatoa ushuhuda? Watu si watasema nilidanganya madhabahuni? Itarudi tu. Shida yako huna imani."

Sijawahi kukasirika vile. Nilimwambia imani ninayo, ila sharti letu lilikuwa la bei. Nikamwambia analinda jina lake kwa jasho langu, na kama kuna uongo madhabahuni ni ule alioutoa akijua pesa bado ziko kwenye hisa. Akanimiminia chai kana kwamba nimekuja kusalimia. Niliiacha pale pale ikapoa. Tangu siku hiyo akaanza kufunga na kuomba, na bei ikazidi kushuka.

Mwenye kibanda alinivumilia kuliko mtu mwingine angenivumilia. Mwishowe akanipigia. "Pole, mamangu. Kuna mwenye ameleta pesa yote, na mimi nahama." Sikuwa na la kumlaumu.

Jumapili iliyofuata, mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, niliinuka mimi. Nikasema kibanda hakikupatikana, kimechukuliwa na mtu mwingine. Nikasema hisa hazijawahi kuuzwa, zinashuka tukiwa tumekaa hapa, na zingeuzwa siku ile zilipofika bei, leo ningekuwa nashonea sokoni. Halafu mama mmoja wa mbele, kwa mazoea tu, akasema, "Amina."

Dada hakunitazama. Alitoka kwa mlango wa pembeni, Biblia kwapani, kabla ya sadaka.

Jumatatu soko la hisa lilipofunguliwa, akauza. Wiki zote zile nilizombembeleza hakuweza, na sasa aliweza asubuhi moja, kwa kuwa hakukuwa tena na ushuhuda wa kulinda. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hasara yenyewe. Alinitumia kilichobaki kwa simu, na mchana mvua ikanyesha, nikaburuta cherehani ndani.