Mfupa Ambao Ng'ombe Hakuwa Nao

Mwaka wa Uhuru nyumba yetu ya Shinyalu ilinuka mifupa iliyochemshwa, harufu nzito ya mafuta iliyoshika hadi sare yangu ya shule. Dada yangu Rasoa alikuwa akisomea uuguzi katika hospitali moja ya misheni, na aliyeanguka mtihani wa mifupa alirudishwa kwao. Majina yote yalikuwa ya Kilatini. Mkufunzi, bibi mmoja Mzungu, aliyaandika ubaoni bila kueleza maana, na kiunzi cha mifupa ya mtu alikifungia kabatini hadi siku ya mtihani. Rasoa alinakili: tibia na fibula, mifupa miwili chini ya goti. Basi akanunua mguu wa ng'ombe, akauchemsha ili aione.

"Sasa mfupa wa supu nao umepata jina la ubatizo?" mama aliuliza.

Chini ya goti ulikuwa mfupa mmoja tu; wa pili haukuwapo. Baba, aliyeamini tumepunjwa, aliubeba mguu ule hadi buchani, nami nikamfuata. "Mzee," mwenye bucha alisema, "ng'ombe sikumuumba mimi. Muulize Mungu aliuweka wapi." Watu walicheka, baba akarudi amenuna. Rasoa akaamua mwenyewe: tibia ni ule wa juu, kutoka goti hadi kifundo, fibula ni unaofuata, hadi kwato. Alikariri hivyo kila jioni, mimi nikimshikia mifupa.

Siku ya mtihani akaonyesha fibula kwenye wayo. Baada ya kumwangusha, ndipo mkufunzi alipomweleza kwamba tibia kwa Warumi ilikuwa filimbi, na fibula pini ya kufungia vazi. Mfupa mwembamba umelala kando ya mnene kama pini. Ng'ombe amebakiwa na kipande kidogo tu cha fibula.

"Si angesema mwanzo!" Rasoa alilia jikoni. "Pini! Mama hafungi leso kwa pini kila siku?"

Hakupewa nafasi nyingine. Aliolewa Lugari, akalima mahindi.

Siku hizi madaktari ni watoto wetu wenyewe. Mwaka jana Rasoa aliteleza mlangoni, nikampeleka hospitali. Daktari kijana aliinua picha ya eksirei ya mguu wake dirishani, akamwambia mwenzake, "Fibula." Dada akamuuliza, kwa makusudi, hicho ni kitu gani. "Ni mfupa tu, kukhu," kijana alijibu, akimwita bibi kwa lugha yetu. "Usijisumbue." Rasoa alipofungua mdomo amweleze habari ya pini, kijana alikuwa ameshageukia kitanda cha pili.