Mama Mkwe Wangu na Pampu ya Mzamiaji

Watu wakisikia niliwahi kufanya kazi ya uzamiaji hudhani niliingia majini. Sikuingia. Yaani niliingia mara moja tu, na hiyo mara moja nataka niieleze mwenyewe, kabla wajukuu hawajaieleza kwa kuongeza chumvi kama walivyozoea.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, mtoto wa vumbi na ng'ombe, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona yalikuwa ya lambo. Nilikwenda Geita kutafuta kazi ya mgodi, nikapelekwa ziwani. Tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo majini, lililobeba vyuma vya mashine ya kusagia mawe ya dhahabu lilikuwa limezama kando ya gati, na mzamiaji alikuwa ameletwa kutoka Tanga kuvifunga minyororo vivutwe juu. Alikuwa mtu mzima, mnene, mpole. Tulimwita Fundi. Alivaa nguo ya mpira ya mwili mzima, viatu vizito vya madini ya risasi vya kumzamisha, na kofia ya shaba yenye vidirisha vya kioo. Hewa aliipata kwa mpira mrefu uliotoka kwenye pampu pale juu ya gati.

Pampu ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Lilikuwa sanduku lenye mpini kila upande, tunazungusha watu wawili, mimi na Mzinza mmoja. Siku ya kwanza Fundi alitushika mikono, akasema, "Wanangu, mimi nikiwa chini napumulia mikononi mwenu. Nyoka akipita, mwacheni apite. Mkiumwa, umweni huku mnazungusha." Tukaapa.

Sasa, wakati huohuo nilikuwa nimechumbia. Kijiji cha mchumba wangu kilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka pale gatini, ng'ombe tulishapeleka, binti angeletwa baada ya mavuno. Na kwetu, mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Ukimwona anakuja, unaacha njia, unachuchumaa kichakani na kumpa mgongo mpaka apite. Asiyefanya hivyo hana adabu, na binti wa watu hapewi mtu asiye na adabu. Mimi kwa adabu nilikuwa nimepitiliza. Mwezi mmoja kabla, nilimwona mama huyo kwa mbali, nikajitupa kwenye ua wa minyaa. Utomvu uliniingia macho, nikashinda siku mbili sioni. Sifa zangu zikaenea kijiji kizima, na nikiri kwamba zilinilewesha.

Siku yenyewe, asubuhi ya saa nne, Fundi alikuwa chini kwenye tishari. Mzinza akasema dagaa wa jana wamemvuruga tumbo, anakwenda kichakani mara moja. Si mbali, maji si ya kina kirefu, peke yangu ningeweza kwa muda mfupi. Nikabaki nazungusha. Mbele yangu alikuwa mshika kamba wa Fundi, kijana wa Tanga, kamba ya ishara mkononi, macho kwenye maji. Wale hawageuki hata uwaite kwa jina la mama yao.

Nikainua uso. Kwenye ubao wa gati, hatua ishirini, anakuja mama mkwe wangu. Amesikia kuna mtu anatembea chini ya ziwa, amekuja kujionea.

Gati halina kichaka. Kushoto maji, kulia maji, nyuma yangu maji.

Naapa sikufikiri. Mikono ilikumbuka minyaa, ikaachia mpini. Nikaruka ziwani, mimi nisiyejua kuogelea, nikakumbatia nguzo ya gati kwa mikono na miguu.

Juu nikamsikia mshika kamba, "Pampu! Nani yuko kwenye pampu? Anavuta kamba, anataka hewa!" Naye kamba hawezi kuiacha. Hapo ndipo akili ikanirudia. Nilimwona Fundi kwa macho ya moyo, kule kizani, na mkono wangu haupo. Nikajaribu kupanda, nguzo ina utelezi, nikashuka tena.

Kisha pampu ikaanza kulia. Nyayo za mama mkwe zilikuwa juu ya kichwa changu, naye anazungusha kama anatwanga mtama wa harusi.

"Polepole, Mama," mshika kamba akasema, "utampasua."

Mama hakupunguza. Akasema, si kwangu, maana haruhusiwi kusema nami, "Ewe nguzo. Mwambie huyo aliyekukumbatia apande ashike mpini wa pili. Mimi sitamwangalia."

Nikapanda, sijui kwa nguvu gani. Nikachukua gunia tupu la minyororo, nikajifunika kichwa, nikashika mpini. Tukazungusha mimi na mama mkwe, yeye anatazama upande wa Mwanza, mimi natazama gunia.

Fundi aliibuka amejaa hewa kama kiriba, tumbo juu. Mshika kamba na Mzinza, aliyekuwa amesharudi, wakamvuta, wakamfungua kofia. Akamwona mama kwenye mpini. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Huko chini kuna nini?"

"Matope tu, Mama."

"Haya," akasema, akajifunga kanga upya, akaenda zake.

Fundi akanigeukia, nikajua sasa natukanwa. Akasema tu, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini wewe umeyaoga na nguo zako." Heri angenitukana.

Wiki nzima nilingoja ng'ombe warudishwe. Sikula. Siku ya nane akaja mshenga na ujumbe wa mama, nao ulikuwa mfupi: binti ataletwa. Ila mkwe aambiwe, siku nyingine mtu akiwa anapumulia mkononi mwake, akose adabu.

Mwaka wa pili wa ndoa mke wangu alianguka shambani, homa, mimba ya miezi saba. Nikambeba mgongoni kuelekea zahanati. Njiani, mchana kweupe, vichaka tele kulia na kushoto, nikamwona mama yake anakuja mbele yetu. Miguu yangu ilitaka kuacha njia, nakwambia ilitaka. Nikaizuia. Na yeye hakuacha njia. Akafika, nikamshusha mgonjwa, akamshika binti yake miguu, mimi nikamshika mabega, tukambeba, kila mmoja anatazama chini.

Walipona wote wawili, mke wangu na mtoto. Nilikosa adabu njia nzima.