Matanga Bila Moto

Mvua ya rasharasha inapoanza kudondoka kwenye migomba, wenzangu wa ofisini hapa Gisenyi hukimbilia pikipiki ya kuwafikisha nyumbani kabla haijakolea. Mimi husimama dirishani nikisikia viwavi wanakula. Kama hujawahi kulala nyumba moja na viwavi wa hariri utaniona nimerukwa na akili, lakini ndivyo wanavyosikika: majani yanatafunwa taratibu, bila kupumzika, nyumba nzima.

Kwetu ni Kanama, mlimani. Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, watu walikuja wakatuambia hariri ina pesa, na kwamba miforosadi, ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi, inaukubali udongo wetu. Baba na mama wakang'oa maharage shamba zima. Mwalimu wangu, aliyekuwa amerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka, alipenda kusema usiache mbachao kwa msala upitao, ila nani angemuuliza mwalimu habari za kilimo?

Banda la viwavi lilikuwa halijaisha, kwa hiyo walipewa sebule na chumba chetu. Sisi watoto tulihamia kwa bibi, mama yake baba, kwenye kijumba chake humo humo uani, kitanda kimoja, miguu ya huyu usoni kwa yule. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wetu hawa siku ya tatu walikuwa wanaongezewa majani. Harufu kali hawakuitaka, moshi ndio kabisa. Jiko likahamishiwa chini mgombani, baba akaacha sigara, na shangazi aliyetoka Goma ananukia manukato akapokewa uani kama mtu mwenye surua. Bibi alicheka siku hiyo mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho hakikuisha. Alifariki viwavi wakiwa karibu kuanza kujisokotea vifukofuko vya hariri, wakati ambao hula kwa pupa, na moshi kidogo tu huwaangusha.

Kwetu, mkitoka kuzika, moto huwashwa uani na majirani huuzunguka mpaka matanga yaishe. Hakuna anayealikwa, na kila mtu huja na kuni zake. Aliyetangulia alikuwa jirani yetu, mzee Kabera, gogo begani. Mama alimwendea kabla hajalitua.

"Baba, musiwashe moto. Moshi itaua wadudu."

Mzee alimtazama. "Mama-mukwe yako amekufa, we unalilia wadudu?"

"Maharagi tuliingoa yote, baba. Ile wadudu ikikufa, batoto batakula nini?"

Mtu mmoja akashauri moto ukawashwe kule chini kwenye jiko. Mzee akajibu kwamba marehemu hakuwa mtumishi wa kuliliwa jikoni. Watu wakamgeukia baba, maana aliyekufa ni mama yake. Baba alikuwa anatazama viatu vyake, bado vina udongo wa kaburi. Kabera akageuka na gogo lake, wengine wakamfuata. Tulikaa uani peke yetu, baridi ya Kanama ikitupenya mifupani, na ndani viwavi wakaendelea kula. Nilimchukia mama siku hiyo, tena sana.

Vifukofuko vilitoka vyeupe, vizuri. Lakini mnunuzi alikuwa mmoja tu, na gari lake lilichelewa. Humo ndani viwavi wakageuka nondo, wakaanza kuvitoboa ili watoke, na kifukofuko kilichotobolewa hakitoi tena uzi mrefu. Vilivyosalimika akavichukua kwa bei aliyoitaka yeye. Maharage tukawa tunayanunua sokoni kama watu wa mjini.

Mama akabaki na jina pale mlimani: mwanamke aliyemnyima mkwewe moto. Kwenye harusi alikaa pembeni, na akiugua hakuna aliyebisha hodi. Hakuwahi kujitetea, nami nikakua nikiamini ana moyo mkavu.

Mwaka jana naye alifariki. Baba alipasua kuni mwenyewe, akawasha moto mkubwa, tukangoja watu. Walikuja wachache mno, na hata hao hawakukaa. Kulipokucha baba alizungumza bila kuniangalia.

"Ile neno ya moto, ni mi nilimutuma aiseme. Mama yangu muzazi, mi ningekataza namna gani?"

Mtoto wa kumzaa hawezi kuukataza moto wa mama yake. Mkwe anaweza, kwa sababu alitoka kwingine na watu hawakutarajia mengi kwake. Ilibidi mmoja wao achukiwe ili sisi tule, na mama alikubali awe yeye, hata na watoto wake mwenyewe. Nilitaka kumfokea baba, lakini alikuwa analia, na mtu ambaye sote wawili tulipaswa kumwomba radhi tulikuwa tumemzika jana yake.