Mikono ya Hinda

Mke wangu Hinda alikuwa na mikono. Katika kiwanda cha makoti ya manyoya, hapa Winnipeg, alimaliza koti la pili wenzake wangali kwenye la kwanza. Sisi ni Wayahudi; mkate wa Sabato aliusuka misokoto sita huku anazungumza, bila kuutazama.

Binti yetu Tirza alizaliwa na mkono mmoja. Wa kushoto uliishia kwenye kiwiko.

Basi Hinda akamfanyia kila kitu. Vifungo, kamba za viatu, nywele. Kabla mtoto hajafikiri, mama amekwisha kumaliza. Mimi niliona ni upendo. Shangazi yangu Gitl, mwenye ulimi wa siki, siku moja alimkuta Tirza, ana miaka tisa, amekaa anangoja kumenyewa yai.

"Hinda, mwanangu," akasema, "Mungu kakupa mikono miwili, wewe unatumia mitatu. Torati imetuambia tuwafundishe watoto. Wapi imesema tuwafanyie?"

 Ijumaa asubuhi Hinda akanipa kitambaa nimfunge mkono wake wa kushoto mgongoni, akaanza kusuka mkate kwa mkono mmoja. Ulitoka kama kiatu kilichokanyagwa na farasi. Tukaula. Majuma kumi na manne tulikula viatu.

Mwishowe akapata njia: ncha za misokoto azibane chini ya sufuria nzito, asuke akivutia kifuani. Ndipo akamwita Tirza. Mtoto akakataa; hawezi, na Bibi Gitl atamcheka.

Hinda akamgeuzia mgongo, aone ule mkono uliofungwa. "Hata mimi sina. Njoo tuone nani atasuka vibaya zaidi."

Ikapita miezi. Gitl akaja kula Sabato. Kwetu divai hubarikiwa kwanza, na mkate hufunikwa kwa kitambaa usione aibu kuachwa nyuma. Tirza alikikodolea macho kitambaa kile kama mtu anayengoja hukumu. Nikakifunua. Mikate miwili, misokoto sita kila mmoja, inang'aa.

Gitl akala kipande, akaongeza. "Leo umesuka vizuri kuliko siku zote, Hinda."

Hinda akaweka mikono yake yote miwili mezani. "Leo mimi nilikaa tu."

Tirza akacheka mpaka akapaliwa.

Hinda nimemzika majira haya ya baridi. Kila Ijumaa Tirza huniletea mikate, anipeleke sinagogi. Vifungo vya koti vinanishinda siku hizi. Yeye husimama mlangoni, hanigusi, anangoja.

Navifunga.