Nilituliza Filamu Iliyokuwa Ikirukaruka, Nikamwona Mama Yangu Akipigwa

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa ukurasa huu. Admin, jina langu lisionekane popote, maana Ukunda wananifahamu. Nina miaka arobaini na saba, nina mke na watoto watatu, na ni fundi wa redio na televisheni. Nimelelewa Mwabungo na baba peke yake. Tangu nipate akili nimeambiwa kwamba mama alinitupa nikiwa sijatimiza miaka miwili, akamfuata mwanamume Tanga. Nilimchukia kwa moyo wote.

Miaka ishirini iliyopita mwanamke mmoja aliyevaa buibui alikuja kibandani kwangu. Akasema, "Mwanangu, mimi ndiye mamako. Niko Kikoneni." Sikumsikiliza. Nilimsukuma kwa mikono miwili, akaanguka kifudifudi kwenye kizingiti, mdomo ukapasuka. Aliinuka, akajifuta damu kwa ushungi, akasema, "Wallahi sikukuacha." Nikamtupia kiatu. Hakurudi tena.

Sasa mwaka huu alikuja mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, ambaye wazazi wake walikuwa na nyumba Diani. Alileta mashine ya zamani ya kuonyeshea filamu, pamoja na filamu ambazo babake alipiga nyumbani kwao. Picha zilikuwa zinaruka juu chini hata uso wa mtu huuoni. Kazi hiyo ilinichukua siku nne. Nilisafisha kwa pamba na spiriti mahali filamu inapopita mbele ya taa, nikabadilisha springi iliyolegea ya kile kibati kinachoibana, nikachonga upya kijino kinachoivuta. Matundu ya pembeni yaliyochanika niliyaziba kwa utepe, nikayatoboa tena moja moja kwa sindano. Picha ikatulia.

Yule mama alikuja kutazama. Tukaona bustani, kisha uani jikoni. Akafurahi, "Huyu ni mpishi wetu! Na huyu mkewe na mtoto wao." Mpishi alikuwa baba yangu. Mama alikuwa kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nimeshika kanga yake. Ndiye yule mwanamke wa kibandani, ila kijana. Nilikuwa bado namtazama usoni, baba akamjia, akampiga mwiko wa kichwa. Akamburuta kwa nywele mpaka karibu na kisima, akamkanyaga tumbo. Mama alitambaa kunifuata, akanikumbatia. Baba akaninyakua na kumsukuma mama nje ya lango, akafunga komeo. Na aliyeshika kamera hakuacha kupiga picha. Nilipomwambia kwamba mtoto yule ni mimi, yule mama wa Kizungu alilia, akaniachia mashine na filamu, akaenda zake.

Ijumaa baada ya swala nilifunga madirisha ya sebule, nikamkalisha baba, ambaye sasa amepita miaka themanini, nikawasha. Mke wangu alisimama mlangoni. Baba alitazama mpaka kwenye mwiko, akasema, "Zima."

Nikamuuliza, "Hakwenda Tanga?"

"Alikuwa mjeuri. Na wewe usinihoji ndani ya nyumba niliyoijenga."

Jamani, nilimkamata kanzu kifuani. Nilimpiga ngumi ya kwanza, meno yake mawili yakatoka. Nilimpiga ya pili, kichwa kikagonga ukingo wa mlango, damu ikatapakaa kwenye kanzu ya Ijumaa. Mke wangu alinirukia mgongoni akilia, "Utamuua!" Nikageuka, nikamzaba kofi akaangukia meza. Na leo nikiri kila kitu: hilo halikuwa kofi la kwanza. Nimempiga mara nyingi, na mara moja nimemvunja mkono.

Aliinuka, akanionyesha ukutani, ambako picha bado zilikuwa zinakwenda. "Tazama baba watoto. Ndivyo unavyonishika mimi. Hivyo hivyo, kwa nywele." Jioni ile ile aliwachukua watoto, akaenda kwao Ramisi. Nikipiga simu ananijibu jambo moja tu: "Mimi sitaki samahani. Nataka kujua mkono huo uliozoea kunipiga utauweka wapi nikirudi."

Baba alishonwa nyuzi kumi na moja hospitalini. Daktari alipomuuliza, alijibu kwamba aliteleza bafuni. Majirani wanakuja kumjulia hali, wananisifu kwamba namuogesha na kumlisha uji. Juzi, tukiwa wawili tu, aliniambia polepole kwa ule mdomo uliovimba, "Nami watu walipoona majeraha ya mamako, nilikuwa nikiwaambia ameteleza kisimani. Sasa tuko sawa. Lakini ukienda Kikoneni kwa mwanamke yule, radhi zangu huna, na jeneza langu usiliguse."

Nimeulizia kwa siri. Mama yu hai, ana kijishamba cha mihogo, na macho yameanza kufifia. Mwenyewe nimeshampasua mdomo. Nitapiga hodi nikisema mimi ni nani? Baba akifa amekasirika nitasimama vipi mbele ya Mwenyezi Mungu, na nikimtii, mama atakufa akijua kwamba nami nilimfungia lango. Na mke wangu anangoja jibu ambalo sina.

Nitukaneni, nimestahili. Lakini mkishamaliza kunitukana, naomba mnielekeze: nianze kwa nani, na nimwambie nini?