Ng'ombe Aliyepasuliwa Mbele ya Watu

Hivi nyie wajukuu, mmeshawahi kuona damu ya ng'ombe aliyekufa ina rangi gani? Mimi niliiona siku yangu ya kwanza kazini, kituo cha mifugo kule Mungaa, uhuru ungali mpya. Darasa la pili nililiacha njiani, lakini walinichukua niwe mhudumu: nachemsha sindano, naosha mabuti. Siku hiyo niliosha meza ya kupasulia, damu nzito, nyeusi kama masizi. Bwana Mifugo wa wakati huo hakuwa na hadithi. Aliuliza tu, "Maji yamechemka?" Ukisema bado, anakupa mgongo.

Baadaye akaletwa Daktari, kijana aliyesoma chuo kikuu Nairobi. Alisomea fiziolojia ya wanyama. Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akasema ni kujua mwili unavyofanya kazi ukiwa hai, moyo unavyosukuma damu, tumbo linavyosaga, pumzi inavyoingia. Wenzake, mmoja yuko maabara anatengeneza chanjo, mwingine anafundisha chuoni. Yeye kaja kula vumbi letu. Nilimcheka sana!

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Mama yangu, mjane, akapewa kiwanja ubavuni mwa zizi la Mzee Ntandu. Baada ya mavuno mvua ikarudi kidogo, na ng'ombe wakaingizwa kwenye mabua ya mtama ya shamba la kijiji. Asubuhi wanatoka wazima, mchana wanahema, wanaanguka, wanakufa. Mzee Ntandu akasema ni jicho baya la mama yangu, maana ng'ombe wanapita mlangoni kwake. Kikao kikaamua mama aondoke. Aende wapi, na kule tulikotoka nyumba zimeshabomolewa?

Nikamkimbilia Daktari. Akataka mzoga uletwe kituoni, aupasue kwa utulivu.

"Daktari," nikamwambia, "ukipasulia ndani watasema mimi ndiye niliyekuomba useme mama hana kosa. Pasulia zizini."

Akaniangalia kidogo, akabeba visu vyake.

Watu wakajaa. Mama alisimama peke yake, hata jirani aliyekuwa anamwomba moto kila siku kamkwepa. Mzee Ntandu akamwambia, "Sogea uone kazi yako."

Daktari akapasua. Damu ikatoka nyekundu, inang'aa. Tumboni, machipukizi ya mtama, mabichi bado.

"Uchawi sikuusomea," akasema. "Nilisomea damu. Damu ya mzoga huwa nyeusi, hii bado imebeba hewa. Machipukizi ya mtama yana sumu. Mnyama anavuta pumzi, hewa inafika, mwili unashindwa kuitumia. Amekufa kwa kukosa hewa, na hewa anayo."

Mzee Ntandu akachuchumaa, akachukua jani moja, akalinusa.

"Sasa niwalishe wapi?"

Radhi hakuomba. Lakini mama alibaki. Alipofariki, miaka mingi baadaye, Mzee Ntandu ndiye aliyetangulia kubeba jeneza.

Niliwahudumia madaktari wengi mpaka nikastaafu, miguu ikagoma. Wengi walikuwa watu wazuri, ila walipenda kufunga mlango wakipasua.

Sasa mjukuu wangu Neema yuko chuo kikuu Morogoro, anasomea fiziolojia hiyo hiyo. Likizo iliyopita tulikaa jikoni nikamsimulia haya. Kuni zikaungua mpaka zikaisha. Halafu akasema, "Bibi, nakuahidi. Popote watakaponipangia kazi, kama kuna mtu anasingiziwa, nitapasulia nje, na yeye awepo."